Pedi ya ndani imeisha, ya nje bado mbichi: kalipa ya Corolla DX imegoma kuteleza au kuna jingine?

#1 Mdigo wa DX
Wakuu salaam. Nina Corolla DX, KE70 ya 1982, injini 4K, gari la marehemu baba na sina mpango wa kuliuza. Breki za mbele ni diski, na kalipa (kile chombo kinachobana pedi kwenye diski) ni ya pistoni moja, inayoteleza kwenye pini. Nyuma ni ngoma.

Tairi la mbele kushoto linapata moto. Nikitoka Tanga mjini mpaka Muheza, rimu ya kushoto mkono hauvumilii, ya kulia vuguvugu tu. Nimefungua nikakuta pedi ya ndani imebaki kama milimita 3, ya nje ina 8. Upande wa kulia zinalingana.

Fundi anataka ninunue kalipa nzima. Mimi naona chuma kile bado kizima, na hizi mpya zinazouzwa bei ya kutupa sina imani nazo. Je, ni pini zimeshika, ni pistoni, au kuna jingine? Na grisi gani inafaa?

#2 Fundi Gerezani
Pini. Wala usihangaike.

Kalipa ya aina hiyo ina pistoni upande mmoja tu, wa ndani. Ukikanyaga, pistoni inasukuma pedi ya ndani mpaka iguse diski. Ikishagusa haina pa kwenda, basi mwili mzima wa kalipa unarudi nyuma juu ya pini zake na kuvuta pedi ya nje. Pini zikishika, mwili hauendi. Pedi ya ndani inafanya kazi peke yake na ya nje inabaki mbichi, kama ulivyoona.

Chomoa pini, safisha, paka grisi, rudisha. Kazi ya asubuhi moja. Kalipa mpya ya nini?

#3 Kitonga Express
Fundi #2 kaharakisha. Mimi ni dereva wa magari makubwa lakini nina Mark II ya zamani nyumbani. Tairi likichemka upande mmoja, mtu wa kwanza kumshuku ni hozi, ule mpira wa breki. Nje unaonekana mzima, ndani umevimba au kipande kimebanduka na kufanya kazi ya vali. Mguu wako una nguvu ya kupitisha mafuta kwenda, lakini pistoni haina nguvu ya kuyarudisha. Breki inabaki imeshika wewe unaendesha. Ulizia hiyo hozi ina umri gani kabla hujagusa pini.

#4 Mia na Tisa
Nawasoma nikiwa nimeegemea Land Rover yangu Series III. Ngoma nne, hakuna kalipa, hakuna pini, hakuna kelele. Nawatakia kila la heri 😀

#5 Fundi Gerezani
#4 wewe subiri upite mtoni halafu ukanyage hizo ngoma zako zikiwa zimelowa. Tutakukuta Pangani.

#6 Dada Mitambo
Mdigo wa DX, usinunue kitu chochote kwanza. Pima, breki inakuambia yenyewe.

Endesha mpaka tairi lishike moto. Ukisimama usikanyage tena. Weka mawe kwenye matairi ya nyuma, inua mbele kwa jeki, weka stendi, jaribu kuzungusha tairi la kushoto kwa mkono. Likiwa limeshika, fungua nati ya kutolea upepo kwenye kalipa, robo mzunguko.

Mafuta yakiruka kwa nguvu na tairi likaachia papo hapo, kuna presha imefungiwa kwenye mfumo. Hapo Kitonga Express yuko sawa, au tatizo liko juu kwenye masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali. Mafuta yakichuruzika tu na tairi likabaki limeshika, presha haina kosa; ni pini, pistoni au pedi zenyewe zimekwama.

Ikiachia, mara nyingine irudie hali ile ile, ila badala ya kufungua kalipa legeza nati inayounga bomba la chuma na hozi. Presha ikitokea pale, imefungiwa huko juu kabla ya kufika kwenye hozi. Isipotokea na tairi bado gumu, hozi yenyewe ndiyo mlango uliofungwa.

Funika rangi ya gari kwa kitambaa chenye maji. Mafuta ya breki yanakula rangi.

#7 Kijana wa Spea
Kuhusu grisi: chukua ya beringi, ile ya litiamu. Inavumilia joto, kila duka ipo, bei nafuu. Sisi tunawauzia mafundi hiyo hiyo na hakuna aliyerudi kulalamika.

#8 Dada Mitambo
#7 hapana, tafadhali usimshauri mtu hivyo. Grisi ya kawaida ya beringi ina mafuta ya petroli ndani yake. Mipira ya breki zinazotumia mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4, kwa kawaida ni mpira wa EPDM, na EPDM na mafuta ya petroli haviivani. Mpira unavimba, unalainika, unabana pini. Siku ya kwanza pini inateleza kama siagi, baada ya miezi imeganda kuliko mwanzo. Harudi kulalamika kwako kwa sababu anadhani kalipa imezeeka.

#9 Kijana wa Spea
Dada kwa heshima zote, kitabu cha Toyota chenyewe kinasema litiamu. Nimekiona kwa macho yangu.

#10 Nakuru KE70
Salamu kutoka Nakuru. Hapa #8 na #9 mnazungumzia vitu viwili. Vitabu vya Toyota vinataja grisi ya sabuni ya litiamu yenye msingi wa glaikoli. Litiamu ni kile kinachoifanya iwe nzito tu, sabuni yake. Kinachoamua kama itaudhi mpira ni mafuta yaliyomo. Grisi ya beringi ina sabuni ya litiamu na mafuta ya petroli. Ile ya Toyota ina sabuni ya litiamu na glaikoli, ndugu wa mafuta ya breki yenyewe, kwa hiyo mpira hauna shida nayo.

Ukikosa hiyo, tafuta grisi ya silikoni iliyoandikwa kabisa kwamba ni ya pini za kalipa.

#11 Kijana wa Spea
Nakuru, hiyo nimeipokea. Kesho naanza kusoma nyuma ya makopo.

#12 Pwani Garage
Na zile nyingine zisichanganywe. Grisi nyekundu ya mpira, inayotengenezwa kwa mafuta ya mbarika, ni ya sili ya pistoni (mpira unaozuia mafuta yasivuje) na mpira wa vumbi wakati wa kuunga. Grisi ya shaba ni ya mgongo wa pedi, kidogo sana, isifike kwenye pini wala mpira, kwa sababu nyingi zina mafuta ya petroli ndani. Naona watu wanapaka ya shaba kila mahali kwa kuwa inapendeza machoni. Inaniuma, kwa sababu wanaoharibikiwa ni watu waliojitahidi kutunza gari.

Halafu mimi nina hoja nyingine. Mwenye uzi yuko Tanga, na upepo wa bahari siuchezei. Asilimia kubwa ya DX za pwani zinazokuja kwangu pini ni nzima kabisa. Kilichokwama ni masikio ya pedi kwenye breketi, kile chuma kinachoshikilia pedi. Kutu inaota chini ya vile vibati vya chuma vinavyokaa kati ya pedi na breketi, inavinyanyua, nafasi inapungua, pedi inabana. Ukimpa pedi mpya zenye rangi nene masikioni ndiyo kabisa, unazipiga nyundo ziingie, halafu unashangaa haziachii diski.

Toa vibati, piga brashi ya waya mpaka chuma cheupe, rudisha. Pedi iingie kwa kidole. Ikihitaji nyundo usifunge.

#13 Fundi Gerezani
#12 sikatai kutu, ila pedi zikikwama kwenye breketi mbona ya nje haijaisha?

#14 Pwani Garage
Kwa sababu iliyokwama karibu na diski ni ya ndani, ya nje imekwama mbali nayo. Zinakwama kila moja kivyake.

#15 Fundi Gerezani
Mmh. Inawezekana, lakini bado nasema pini.

#16 Mzee Bendera Tatu
Vijana, shikamoo zenu sizitegemei, lakini nisikilizeni kidogo. Mimi nimeendesha DX tangu zikiwa mpya barabarani. Hakuna aliyemuuliza habari za beringi. Corolla hizi kitovu cha mbele kina beringi mbili za kukazwa kwa mkono. Fundi akikaza kupita kiasi, kitovu kinapika moto, na moto unahamia kwenye diski. Aguse katikati ya kitovu na aguse ukingo wa diski, aone wapi pamezidi.

#17 Nakuru KE70
Shikamoo mzee. Kweli kabisa kuhusu kupima, ila beringi haili pedi ya ndani peke yake. Labda yako mawili kwa wakati mmoja, na magari ya umri huu hayaugui ugonjwa mmoja.

Beringi iliyolegea ndiyo inasumbua breki: diski inayumba, inasukuma pedi na pistoni nyuma, na ukikanyaga mguu unazama mara ya kwanza, wa pili unashika.

#18 Mzee Bendera Tatu
Marahaba. Hapo umesema.

#19 Turbo ya Kariakoo
Mimi naona mnazunguka. Mwaga mafuta yote, weka DOT 5, ndiyo ya kisasa kuliko DOT 4. Namba ikipanda ubora unapanda. Hayanyonyi maji, kutu kwisha.

#20 Dada Mitambo
#19 namba hiyo haipandi hivyo. DOT 3, 4 na 5.1 zote ni za glaikoli. DOT 5 ni silikoni, jamii tofauti kabisa, na haichanganywi nazo. Ukiimimina kwenye mfumo uliokuwa na DOT 3 bila kusafisha kila bomba na kubadili sili, unajitafutia balaa. Haisharabu maji ni kweli, lakini maji yakiingia hayaondoki, yanatuama chini kwenye kalipa na kula chuma pale pale.

Kwa DX, DOT 3 au DOT 4 nzuri inatosha. Viwango vya chini vya kuchemka: DOT 3 mpya nyuzi 205 za Selsiasi, ikishanyonya maji 140. DOT 4 mpya 230, ikishanyonya 155. Sasa fikiria kalipa inayoburuza na mafuta ambayo hayajabadilishwa tangu gari linunuliwe. Yanachemka, yanatoa mvuke, mguu unazama mpaka sakafuni. Badilisha kila miaka miwili, na kopo lililokaa wazi kwenye rafu usiliamini.

#21 Kitonga Express
Huo mvuke ndio unaoua watu pale kwenye mteremko wa Kitonga. Gari dogo linashuka gia ya nne, mguu juu ya breki tangu juu, harufu inasikika mpaka kwetu kwenye lori. Weka gia ya chini tangu mwanzo wa mteremko, injini ishike gari. Hata kalipa nzima haiwezi kufanya kazi ya gia.

#22 Mia na Tisa
Mnaona faida ya Land Rover? Gia ya chini tunayo ya ziada 😀
Lakini niulize kwa dhati, hizi diski zilianza lini kushinda ngoma?

#23 Nakuru KE70
Kilichozitangaza ni Jaguar C-Type iliyoshinda Le Mans mwaka 1953 ikiwa na diski za Dunlop. Magari ya ngoma yalikuwa yakipoteza breki kwa joto, dereva wa Jaguar aliweza kuchelewa kukanyaga.

#24 Turbo ya Kariakoo
Na Datsun 160J ikaja kushinda Safari Rally 1975 kwa mtindo huo huo.

#25 Mzee Bendera Tatu
Hapana kijana. 1975 ilikuwa Peugeot 504 ya Ove Andersson. Datsun 160J ni ya Shekhar Mehta, akashinda mfululizo 1979, 1980, 1981 na 1982. Tulikuwa tunasimama barabarani kusubiri vumbi lao.

#26 Turbo ya Kariakoo
Asante mzee. Hiyo miaka minne mfululizo nilikuwa siijui.

#27 Mdigo wa DX
Wakuu, nimerudi. Nimefanya kipimo cha #6 vile vile alivyoandika.

Tairi lilikuwa limeshika. Nilipofungua nati ya upepo mafuta yaliruka kidogo, tairi likalegea lakini halikuachia kabisa. Linazunguka kwa kukwaruza. Kitovu hakina moto kuliko diski, mzee #16.

Nikafungua kalipa. Pini ya juu inateleza kwa vidole. Ya chini imetoka kwa kugongwa, mpira wake umelegea na kuvimba, ndani kuna grisi nyeusi nzito. Pedi ya ndani, nikiitazama sasa kwa makini, imelika mshazari: chini nyembamba kuliko juu. Vibati vina kutu kweli, pedi ya nje niliitoa kwa bisibisi. Hozi sijui umri wake.

#28 Fundi Gerezani
PINI! Nilisema tangu #2. Pedi kulika mshazari ni pini moja kushika, kalipa inajipinda badala ya kuteleza. Na hiyo grisi nyeusi ni ile ile ya #7.

#29 Kitonga Express
Na mafuta aliyarusha nani? Pini hairushi mafuta. Presha ilikuwepo, hozi.

#30 Pwani Garage
Na pedi ya nje kutolewa kwa bisibisi mnaipita kimya?

#31 Dada Mitambo
Mafuta kuruka kidogo siyo lazima hozi. Mwili wa kalipa uliokwama huku umejipinda unaisukuma pistoni, na hilo peke yake linaweza kuacha presha ndogo. Vilevile angalia fimbo ya pedali inayosukuma masta silinda: lazima iwe na uwazi mdogo kabla ya kugusa. Isipokuwa nao, kitundu cha kurudishia mafuta kinazibwa na presha inabaki. Ila hapo ungeona kulia nako kunachemka, kwa hiyo sikupi uzito sana.

Naomba ujaribu pistoni kabla hujafunga. Weka pedi kuukuu, bana taratibu kwa klampu huku nati ya upepo iko wazi na mpira umeingizwa kwenye chupa, ili mafuta machafu yasirudi juu. Irudi kwa ulaini. Kinachoirudisha kila ukiachia breki ni sili ya mraba, inapinda kidogo pistoni ikitoka na inajinyoosha ikiivuta. Ikigoma, mfereji wa sili una kutu au pistoni ina vishimo.

#32 Turbo ya Kariakoo
Hapo si unaingiza msasa ndani ya silinda mpaka ing'ae?

#33 Nakuru KE70
Kwenye kalipa hizi usisumbukie sana ukuta. Sili inakaa kwenye mfereji wa kalipa na kuziba juu ya pistoni. Kinachotakiwa king'ae ni pistoni. Ikiwa na kishimo pale sili inapopita, ibadilishe, usiipige msasa, utaondoa kromu na kutu itarudi haraka. Mfereji ndio wa kusafisha kwa subira, kwa kijiti cha mbao, kwa sababu kutu ikijaa nyuma ya sili inaibana mno na pistoni hairudi.

Kutoa pistoni: pampu kwa pedali kabla hujatenganisha hozi, kipande cha mbao mbele yake. Ukitumia upepo wa kompresa, vidole viwe mbali. Inatoka kama risasi.

#34 Pwani Garage
Na vumbi la pedi usilipulize kamwe. Pedi za zamani nyingi zina asbesto. Lilowanishe, lifute kwa kitambaa, kitambaa kitupwe. Kalipa usiiachie ikaning'inia kwenye hozi, ifunge kwa waya kwenye springi. Kusafisha mipira ni spiriti au dawa ya breki. Petroli na dizeli vikae mbali.

#35 Fundi Gerezani
Nyongeza ya pini, kwa anayesoma baadaye. Kabla ya kuchomoa weka alama ipi ya juu ipi ya chini, maana kwenye kalipa nyingi hazifanani, na ukizibadilisha inagonga au inabana. Safisha tundu lenyewe mpaka chini, siyo pini tu. Grisi iwe utando mwembamba. Ukijaza tundu, pini inakuwa kama bomba la sindano, inarudi yenyewe. Ukishaingiza, minya mpira upepo utoke, na hakikisha midomo ya mpira imekaa kwenye mfereji wake pande zote.

Pini ikiwa na mikwaruzo mirefu au imepinda, nunua nyingine. Kuisaga iwe nyembamba ni kuipa kalipa nafasi ya kucheza.

#36 Mdigo wa DX
Asanteni sana. Pistoni imerudi, lakini kwa nguvu kidogo kuliko ya kulia. Nimeagiza kifurushi cha sili na mipira ya pande zote mbili, na pini ya chini. Vibati nimesafisha mpaka cheupe. Kalipa mpya sinunui.

Swali: nikifunga vyote hivi pamoja na likaacha kuchemka, nitajuaje lililokuwa linaniua lilikuwa lipi?

#37 Kitonga Express
Funga pini na sili, hozi iache ile ile kwanza. Likiendelea kuchemka uje unishukuru.

#38 Dada Mitambo
#37 mtu hafanyi majaribio ya breki kwenye barabara ya Segera. Hozi isiyojulikana umri inabadilishwa, zote mbili za mbele, leo. Ile ya zamani ipasue kwa kisu utazame ndani, utapata jibu lako bila kuhatarisha mtu.

#39 Kitonga Express
Hapo umenishika dada. Aipasue na aweke picha.

#40 Pwani Garage
Na picha ya vibati kabla ya kusafisha kama alipiga.

#41 Mia na Tisa
Wakati tunasubiri picha: ngoma yangu ya nyuma kulia inavuja mafuta, sijui ni ya breki au ya ekseli. Mnaitofautishaje?

#42 Fundi Gerezani
😀 Karibu sana. Chovya kidole kwenye hayo mafuta, kisha kitie kwenye maji. Mafuta ya breki yanayeyuka, ya ekseli yanaelea. Na fungua uzi wako, huu ni wa kalipa.